Mtihani wa Ukuta, Sebuleni kwa Dada

Nyumba ileile, ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya maegesho ya malori.
Jumanne, 16 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Ndivyo tulivyolelewa, hata kama habari yenyewe inaniwasha ulimi kama pilipili. Hujambo? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha, au bado mnaamka pamoja? Mkeo hajambo? Na wale majambazi wako wawili, bado wanavunja vikombe au sasa wamehamia kwenye milango?

Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua kukiwa na unyevunyevu, lakini mdomo wake haujapata ugonjwa wowote, Mungu ashukuriwe. Juzi kagombana na redio mpaka akaizima kwa hasira, halafu akaiwasha tena ili waendelee kugombana. Mimi sijambo, na hata ningekuwa na jambo ningelificha, maana mwanamume mzuri kama mimi hapendezi akiugua.

Sasa vuta kiti. Ile mashine yako ya mchezo uliyomwachia dada uliposafiri, ukaiviringisha shuka kama maiti na kuwaapisha watu kwamba mtu asiiguse, tumeigusa. Usipige kelele, ni nzima. Kaseti nimeipuliza kwa pumzi zangu mwenyewe, na ikawaka mara ya kwanza. Haya, mara ya nne.

Najua dada ameshakupigia simu. Najua pia kwamba dada akisimulia jambo huanzia katikati, palepale mimi ninapoonekana mjinga. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule niliiacha mapema ili na wengine wapate nafasi ya kuwa wa kwanza, lakini kueleza jambo likaelezeka, hilo halikuhitaji cheti.

Yote yalianzia kazini. Unajua mimi na shemeji yetu Taratibu, mume wa dada, tunaosha vioo vya maghorofa. Tunapanda kwa kile kitanda cha chuma kinachoning'inia kwa nyaya mbili kutoka paani. Sisi tunakiita bembea. Kila mwisho wa bembea kuna winchi, ile ngoma ya kukunjia waya yenye mshikio, na kila mtu anazungusha ya kwake. Mkizungusha sawasawa, mnapanda kama mko kwenye sinia. Mmoja akimzidi mwenzake, sinia linalala upande.

Katika kazi ile mimi sina mpinzani. Nimeosha vioo vya miji ambayo wewe unaiona kwenye kalenda. Nahodha mmoja wa meli aliwahi kuniambia kwamba ningezaliwa majini ningekuwa papa. Taratibu yeye ni mtu wa jina lake. Anafuta kioo kama anayemnawisha mtoto uso. Haongei. Ukimuuliza kitu anatikisa kichwa, na kwake huo tayari ni mkutano wa hadhara.

Basi wiki iliyopita wingu lilikuwa linakuja, nikasema tuwahi safu ya juu kabla mvua haijatunyang'anya kazi. Nikazungusha winchi yangu. Nikazungusha. Chini palikuwa na watu wanatutazama, na mimi nikitazamwa mikono inapata akili zake yenyewe. Nilijua mwenzangu anakuja. Kumbe haji. Nilipogeuka, bembea imekaa mshazari kama ubao wa kutelezea watoto, na Taratibu anateremka nao, mikono inatafuta pa kushika, ndoo imemtangulia. Mkanda wa usalama ukamdaka. Akabaki ananing'inia nje ya ghorofa ya tisa, anazunguka polepole, na ndani ya kioo karani mmoja amesimama na kikombe chake, mdomo wazi.

Ndoo ilipasukia kwenye kibanda cha mlinzi. Hakuna aliyeumia. Nimesema hakuna aliyeumia, sasa pumua.

Lakini alipofika nyumbani alishindwa kushika kijiko. Kilikuwa kinagonga sahani chenyewe. Dada akamuuliza kuna nini, na mtu yule asiyesema, siku hiyo akasema.

Msimamizi wetu wa kazi hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema bembea ni ya watu wawili wanaoaminiana, na yeye hawezi kumtafutia mtu mwenzake kama anatafuta soksi. Jumatatu tuje wote wawili, au asituone wote wawili. Nikamwambia hiyo si kazi, mimi na shemeji yangu ni chanda na pete. Akanitazama tu, akaenda zake.

Jumamosi mchana nikaenda kwa dada, nimebeba maneno matamu ya kumlaza chui. Nikamkuta sebuleni anamsuka mteja, yule mama wa duka la viatu, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya dada, uso unatazama sakafu. Taratibu kakaa pembeni, mikono mapajani, kama mtu aliye foleni hospitalini. Nikaanza hotuba yangu. Sikufika mbali.

"Bingwa, hebu nyamaza," dada akasema, wala hakuinua macho kwenye nywele. "Wewe hujawahi kumngoja mtu tangu utoke tumboni. Kwenye Ukuta ulinimeza mimi mara ngapi?"

Ukuta huwezi kuwa umeusahau. Ni ile hatua ya tatu ya mchezo, ukishavuka msitu na handaki. Wale makomandoo wawili, wa shati la kijani na wa shati la njano, wanapanda ngome kwa kuruka kibao hadi kibao, na kutoka juu yale majitu ya bati yanawaangushia mapipa ya moto. Picha inapanda na yule aliye juu zaidi. Na ubaya wake uko hapo hapo: wa juu akienda mbio, ukingo wa chini wa picha nao unapanda, na mwenzake aliyechelewa anamezwa. Hakupigwa risasi, hakuguswa na adui. Kaliwa na haraka ya rafiki yake. Wewe wakati huo ulikuwa mdogo, pedi ya kuchezea ulikuwa unaitafuna.

Basi hiyo ndiyo mahakama aliyoichagua dada yetu.

"Mpandishe mume wangu Ukuta," alisema. "Chini mpaka juu, mliue lile jicho la kileleni, na asimezwe. Akimezwa, mnaanza upya. Una muda mpaka nimalize kichwa hiki. Nikifunga msuko wa mwisho hujamfikisha, Jumatatu haendi, na habari ya bembea isiingie tena nyumba hii."

Nilicheka. Nikamgeukia Taratibu tucheke pamoja, maana mambo gani haya, watu wazima na mvi zetu tunahukumiwa na mdoli wa shati la njano. Hakucheka.

"Nitacheza," akasema.

Mtu anayetaka kucheza huwa ana furaha usoni. Yule hakuwa nayo. Alikuwa ananiuliza swali na hajui aliulizeje kwa mdomo.

Tukaivua mashine shuka lake. Ile televisheni ya kichogo bado ipo, dada anawekea juu yake vitana na mafuta ya nywele, tukavihamisha. Rangi imechoka, kila kitu kinaelekea kwenye uzambarau, lakini muziki ulipoanza, ule wa kama mtu anapiga sufuria kwa haraka, nywele zilinisimama. Mdogo wangu, vidole vinakumbuka kuliko kichwa. Msitu niliupita kama nakwenda dukani. Handakini niliwalaza maadui wote. Nikawa naimba. Taratibu hajawahi kushika pedi maishani mwake, aliishika kama kifaranga, lakini alinifuata nyuma akipiga risasi moja moja, na kila risasi yake ilikuwa na mtu wake.

Tukafika Ukutani. Nikaruka kibao cha kwanza, cha pili, cha tatu, pipa likaja nikalikwepa kwa madaha, nikaruka tena. Kilio kidogo kikasikika, kile cha mashine. Wa njano hayupo.

"Amekufa nani?" akauliza mama wa viatu, maana kichwa chake kimebanwa na haoni kitu zaidi ya miguu yake.

"Mume wangu," dada akajibu, anachana nywele.

"Oo. Pole."

Tukaanza tena. Nikammeza Taratibu kwenye kibao kilekile. Tukaanza tena. Nikammeza juu kidogo. Nilijitetea kwamba pedi yangu ina ugonjwa, kitufe kinaruka chenyewe. Dada akanyoosha mkono bila kutazama, akachukua pedi yangu, akampa Taratibu, na ya Taratibu akanipa mimi. Nikawa mimi wa njano. Nikammeza akiwa wa kijani pia.

"Amekufa nani?"

"Yuleyule."

"Huyu bwana ana subira," akasema mama wa viatu akiwa huko chini. "Mimi ningeshamrushia kiatu."

Nilipotazama kile kichwa, nusu nzima ilikuwa imekwisha kusukwa, misuko imelala kama mistari ya daftari. Na mikono ya dada yetu unaijua, haina breki. Jasho likaanza kunitoka kwenye nyusi. Si mchezo ulionitoa jasho. Nilikuwa nimemwona Taratibu kwa pembe ya jicho. Kila alipomezwa, alikuwa anashika ukingo wa kochi. Kila mara. Mtu amekaa kwenye kochi, miguu iko kwenye zulia, na anashika asianguke.

Sikuimba tena.

Nikasema sawa, tatizo ni haraka, dawa ni kungoja. Nikaruka kibao kimoja, nikasimama. Nikamngoja. Nikaendelea kumngoja. Naye yuko chini kasimama ananitazama mimi nimtangulie. Mapipa yakaja, tukaungua wote wawili, mmoja juu mmoja chini, kama mishumaa.

"Sasa umegeuka mti?" dada akafoka. "Nani kakwambia usimame tu? Usipomwangusha unamchoma!"

"Mke wangu, mimi nilimwashiria aende," akasema Taratibu kwa upole.

"Ulimwashiria vipi?"

"Kwa kichwa."

Ndipo mama wa viatu akasema neno. Namwita mama wa viatu lakini kuanzia siku ile ningempa cheo kama ningekuwa serikali. Alisema, sauti inatoka magotini kwa dada: "Samahani jamani, mimi sioni, nasikia tu. Tangu mmeanza nasikia mtu mmoja. Huyu mwingine yupo kweli?"

Hata dada mikono ilisimama.

Kwa sababu ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Mimi naongea muda wote: napiga kelele, naimba, najisifu, natukana mapipa. Na ndani ya maneno yote hayo hakuna hata moja la kumuuliza mwenzangu. Naye anajibu maswali ambayo sijauliza, kwa kutikisa kichwa, mimi macho yangu yapo kwenye kioo cha televisheni. Bembeni ni vilevile. Mimi natazama winchi yangu, yeye anatazama yake. Nani ataona kichwa cha mtu kinatikisika? Miaka yote tumefanya kazi, mmoja redio, mwingine picha ya ukutani.

Dada akamgeukia mumewe, na safari hii moto ukahama upande. "Na wewe! Mdomo Mungu kakupa wa kunywea chai peke yake? Ukiwa tayari sema 'nipo'. Hujawa tayari, sema 'bado'. Na wewe Bingwa, usiinue hata ukucha kabla hujasikia. Anzeni, nywele zinakwisha."

Tukaanza. Na nakuambia ukweli, mimi niliyelala bandarini na kuamka kwenye reli, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye lile zulia.

"Upo?"

"Nipo."

"Napanda."

Kibao. Pipa likapita upande wa kushoto likiunguruma.

"Upo?"

"Bado."

Unajua inavyouma hiyo "bado"? Juu nimeshaona kibao kitupu, njia nyeupe, kidole kinawasha. Kila kitu ndani yangu kinasema ruka, ukiruka utafika, ukifika utampigia kutoka juu. Na pipa linakuja moja kwa moja. Nikabaki. Likaniunguza. Roho yangu moja kati ya tatu ikaenda, nikazaliwa palepale nikiwa nameremeta.

"Amekufa nani?" akauliza mama wa viatu.

"Mimi," nikasema.

Dada akainua macho kutoka kwenye nywele. Mara ya kwanza tangu niingie.

"Nipo," akasema Taratibu. Sauti yake ilikuwa imepata uzito.

Tukapanda. Upo, nipo. Upo, bado. Upo, nipo. Tukawa kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Upande wa pili wa kichwa cha mama wa viatu ukawa unakwisha, nikaona dada amebakiza nywele za juu ya sikio tu. Na kule kileleni likatokea lile jicho, kubwa kama beseni, linafumba na kufumbua, linatema moto huku na huku. Mimi nimebaki na roho moja. Taratibu naye moja.

Jicho lile, kama unakumbuka, halipigiki likiwa limefumba, na likifumbua linamtemea moto yule aliye karibu. Lazima mmoja alivute lifumbue, mwingine apige. Zamani mimi siku zote nilikuwa mpigaji, wa kuvuta alikuwa dada. Nikasogea karibu.

"Bingwa, unaenda wapi?" dada akasema.

"Shemeji, nalivuta mimi. Upo?"

"Bado... bado... nipo!"

Likafumbua. Moto ukapita juu ya kofia yangu. Naye akapiga kama anavyofuta vioo, bila papara, moja, nyingine, nyingine, zote mahali pamoja. Likafumba. Tukarudia. Likafumbua tena, na safari hii moto ukaja chini, nikaruka kwa kuchelewa, nikadhani nimekwisha, nikafumba macho yangu mwenyewe kama mjinga. Nikasikia mlipuko. Nikasikia ule muziki mfupi wa ushindi, ule wa kama kuku anayechekelea yai. Nilipofumbua, wote wawili walikuwa wamesimama kileleni, kijani na njano, bega kwa bega.

Niliruka juu nikagonga taa. Mama wa viatu akawa anapiga makofi sakafuni bila kujua anapigia nini. Taratibu akaweka pedi chini kwa mikono miwili, akafuta viganja kwenye suruali, akacheka. Kidogo, lakini meno niliyaona.

Dada akafunga msuko wa mwisho. Akaukata uzi kwa meno. Mimi nikangoja nisifiwe, maana nilistahili.

"Jumatatu mtakwenda," akasema. "Lakini msinichekee hapa. Yule mdoli alikuwa na roho tatu. Huyu wangu ana moja."

Furaha yote ikaketi chini.

Sasa ya Jumatatu, yaani jana. Msimamizi alipotuona tunakuja wote wawili alikagua mikanda yetu, akaivuta mara mbili mbili, akatuachia bembea. Tukaanza kupanda. "Upo?" "Nipo." Watu wa ofisini walikuwa wanatushangaa nyuma ya vioo, wanadhani tumeingia dini mpya. Nikawaacha. Tulifika ghorofa ya nane tukiwa sawa kabisa, ungeweza kuweka yai kwenye bembea ile lisiviringike.

Ndipo upepo ukaamka. Unajua upepo wa juu si kama wa chini. Wa chini unakupuliza, wa juu unakusukuma. Bembea ikaanza kugonga ukuta kwa mgongo. Na upande wa Taratibu nikasikia mlio, krrk, kama mtu anatafuna mfupa. Bembea ikamwinukia yeye na kuniangukia mimi, upande wangu umeshuka, viatu vinanitambaa.

"Upo?"

Kimya.

"Shemeji! Upo?"

Kimya. Amenipa mgongo, amejikunja juu ya winchi yake. Kichwa chake hakionekani.

Mdogo wangu, mkono wangu ulikuwa kwenye mshikio wa winchi. Kuzungusha kidogo tu, upande wangu ungepanda, tungekaa sawa, ningesimama kama binadamu. Ndivyo ningefanya wiki iliyopita, na ningefanya huku naimba. Miguu inateleza. Kamba ya mkanda imeshaanza kukaza kiunoni. Upepo unatupiga ukutani, bum, na kila bum nateleza tena. Nikaita mara ya tatu, sauti ikanitoka nyembamba, sikuitambua. Hakujibu. Hakusema nipo wala bado. Hilo hatukulipangia sebuleni: afanyeje mtu asipojibiwa kabisa?

Nikautoa mkono kwenye winchi. Nikaukumbatia ule mlingoti wa pembeni kwa mikono yote miwili, nikakaa chini kwenye mteremko kama mtoto aliyekataa kwenda shule, nikangoja. Sikuwa shujaa. Nilikuwa naomba dua zote ninazozijua na mbili nilizozitunga.

Sijui ilikuwa muda gani. Kisha nikasikia, ile sauti yake nzito: "Nipo! Nipo, shemeji. Panda wewe, polepole."

Nikapanda polepole. Tukakaa sawa. Akageuka, na ndipo nikaona. Waya ulikuwa umepandana wenyewe kwa wenyewe kwenye ngoma ya winchi, na ili kuupanga alikuwa amechomoa pini ya breki, na mahali pekee pa kuiweka ni menoni. Angefungua mdomo, pini ingekwenda chini na breki isingefungika tena. Na vidole vyake vya mkono wa kulia vyote vinne vilikuwa kati ya waya na ngoma; ningezungusha, waya ungekaza ukavisaga.

Akaninyooshea ule mkono. Umejaa grisi, vidole vyote vipo. Akavichezesha mbele ya uso wangu.

"Ungezungusha," akasema.

"Sikuzungusha," nikasema.

"Najua. Nilikuwa nasikia unavyoomba. Ile dua ya pili umeitoa wapi?"

Tulicheka mpaka karani wa ndani akafunga pazia.

Tuliteremka mwendo wa kinyonga, upo, nipo, mpaka chini. Na pale chini, kando ya kibanda cha mlinzi, nani amesimama? Dada yetu, na aproni yake ya kusukia, kitana kimechomekwa kichwani. Hakuwa ametuambia anakuja. Shingo ilikuwa imemkakamaa kwa kutazama juu, alikuwa anaishika kwa nyuma. Ameona yote: bembea ilivyolala, mimi nilivyokumbatia mlingoti, yote. Nikajiandaa.

Akaushika mkono wa mumewe, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini. Akaufuta grisi kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Kisha akanitazama mimi.

"Kesho siji," akasema. "Nina wateja."

Akaenda zake.

Hayo ndiyo, mdogo wangu. Leo tumepanda asubuhi na kushuka jioni. Nimechungulia kwenye kibanda cha mlinzi nikaona mlinzi tu.

Mama anakusalimu na anasema umpigie, asije akaanza kugombana na simu. Taratibu anakusalimu, kwa mdomo, si kwa kichwa. Dada anakusalimu, na usiamini lolote atakalokuambia kuhusu taa. Mama wa viatu humjui lakini naye salamu zake hizo hapo. Nifikishie wewe salamu zangu kwa mkeo, na hao majambazi wawili waambie baba yao mkubwa ana mikono yenye nguvu kuliko televisheni.

Mungu akuweke mahali penye sakafu imara, akupe na mtu wa kukujibu ukiita. Ukiitwa, itika.

Ni mimi nikupendaye bila likizo,
Kaka yako,
Bingwa.